Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari Aliyeipima Nyota kwa Kibao na Uzi

Mtu anayetaka kupiga picha ya nyota za mbali kutoka uani kwake, Malindi au Kilifi, hukutana na adui mmoja kabla ya wengine wote, naye ni mtikisiko. Darubini yaweza kuwa nzuri na kamera yaweza kuwa ya bei kubwa, lakini mguu mmoja wa ile miguu mitatu inayoibeba ukizama kidogo mchangani, au upepo wa kusi ukiusukuma mtambo kwa unene wa unywele, nyota iliyokuwa kitone hugeuka mstari. Hapo ndipo mtu anapoanza kujifunza hila: kuifupisha miguu, kuweka vipande vya mbao chini yake ili isizame, kutundika mfuko wa mchanga katikati yake, na kuikimbia sakafu ya ghorofani inayotetemeka kila mtu apitapo.

Tabu hiyo si ngeni katika pwani hii. Zaidi ya miaka 500 iliyopita walikuwapo watu ambao riziki yao, na pengine roho zao, zilitegemea kuishika nyota isitikisike. Nao hawakuwa na ua wala sakafu. Walisimama juu ya chombo kinachopanda na kushuka na mawimbi usiku kucha. Mashuhuri kuliko wote katika hao ni Ahmad bin Majid.

Hapa Malindi jina lake hutajwa kwa jambo jingine. Wageni huonyeshwa ule mnara wa msalaba wa Vasco da Gama ulio juu ya mwamba wa baharini, na aghalabu huambiwa kuwa Mwarabu Ahmad bin Majid ndiye aliyewaongoza Wareno kutoka hapa hadi Bara Hindi mwaka 1498. Wengine huisimulia habari hiyo kwa fahari, kana kwamba ni sifa. Wengine huisimulia kwa uchungu, kwa kuwa yaliyofuata baada ya safari ile yanajulikana na kila mtu wa mwambao. Ndugu msomaji, leo tumtazame kwanza mtu mwenyewe na kazi yake, kisha tuirudie tuhuma hiyo. Huenda kazi yake ikatusaidia kuipima.

Alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, bandari iliyokuwa mahali palipo Ras al-Khaimah ya leo, upande wa kusini wa Ghuba. Kwa nasaba alijiita Saadi na Najdi, lakini ukoo wake ulikwisha kuhamia baharini kabla yake. Babu yake alikuwa mwongozaji wa vyombo. Baba yake alikuwa mwongozaji wa vyombo pia, tena mwenye sifa hata akaitwa rubani wa pwani mbili, yaani pwani zote mbili za Bahari ya Sham, ambayo miamba yake imezamisha vyombo visivyo na idadi. Mzee huyo alitunga shairi la beti zaidi ya 1,000 juu ya njia za bahari hiyo. Mwanawe alilisoma shairi, akazipita njia zile zile, akaona makosa, akayasahihisha. Asiyemjua Ahmad bin Majid angeweza kudhani kuwa ni utovu wa adabu. Kwa wana wa bahari haikuwa hivyo. Kosa la kipimo linaloachwa kwa kumheshimu mzee, kesho huua watu.

Yeye mwenyewe hakuwa mnyenyekevu. Alijihesabu wa nne baada ya waongozaji watatu wakuu wa zama za kale, ambao vitabu vyao alivisoma na kuvikosoa, na alijisifu kwa wazi kuwa amewashinda kwa kuwa wao walikusanya habari za wengine, ilhali yeye alikwenda na kujionea. Maandishi yake yaliyobaki yapata arobaini, na mengi ni mashairi ya rajaz. Hakutunga kwa anasa. Kitabu chomboni huloa na kuoza, taa huzimwa na upepo, lakini ubeti uliohifadhiwa moyoni hauloi. Mwaka 1462 alikamilisha Hawiya, utenzi wa beti zaidi ya 1,000 juu ya misingi ya elimu ya bahari, naye angali kijana. Karibu na mwaka 1490, akiwa sasa mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawaid, chenye sehemu kumi na mbili. Humo mna habari za asili ya safari za baharini, manazili ya mwezi, nyota za dira, dalili za kukaribia nchi kavu kama vile ndege na rangi ya maji, na misimu ya pepo. Humo pia mmetajwa visiwa kumi vikubwa vya dunia aliyoijua, na Unguja ni kimoja katika hivyo.

Misimu hiyo aliihesabu kwa siku za Nairuzi, na hapa mzee yeyote wa pwani yetu atatabasamu, maana hesabu hiyo anaijua. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na hauna budi kuhama katika majira. Baharia anayesubiri kaskazi au kusi anahitaji mwaka wa jua. Ndiyo sababu mabaharia na wakulima wa mwambao walihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka.

Sasa tuje kwenye nyota zenyewe.

Kipimo cha Ahmad bin Majid na wenziwe kiliitwa isba, yaani kidole. Ukiunyosha mkono mbele yako, upana wa kidole ukiwa mwisho wa mkono huo unafunika sehemu ndogo ya mbingu. Mabaharia waliigawa duara nzima ya mbingu katika vidole 224, hivyo kidole kimoja ni kama digrii 1 na sehemu 6 katika kumi. Baharia akiikuta nyota fulani imepanda kidole kimoja zaidi ya jana, anajua kuwa amekwenda kaskazini mwendo wa zamu nane za saa tatu tatu. Kwa maili za baharini ni kama 96.

Badala ya kidole chenyewe, ambacho hutofautiana baina ya mtu na mtu, walitumia vibao. Kibao cha mstatili kilitobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Baharia aliuma uzi kwa meno, akakinyosha kibao mbele hadi uzi ukakaza, akaiweka kingo ya chini sawasawa na ukingo wa bahari, kisha akatazama kama kingo ya juu inaigusa nyota. Isipogusa, alibadili fundo au alibadili kibao. Chombo chote hiki kiliingia mfukoni.

Mtu aweza kucheka. Kibao na uzi! Lakini tazama jinsi kilivyoshinda mtikisiko. Asturlabi, chombo cha duara cha kupimia jua na nyota, huning'inizwa kwa pete, na ukweli wake unategemea kuning'inia wima bila kuyumba. Chombo cha baharini kikilala upande, asturlabi huyumba kama taa ya sebuleni wakati wa upepo. Kibao hakitegemei kuning'inia. Kinategemea ukingo wa bahari, mahali maji yanapokutana na mbingu, nao hauyumbi hata chombo kikiyumba vipi. Jicho huona nyota na ukingo kwa pamoja, na yote mawili hupanda na kushuka pamoja machoni pake. Uzi nao hulinda umbali baina ya jicho na kibao usibadilike. Mpimaji yuko juu ya kitu kisichotulia, lakini kipimo chake amekiegemeza kwenye kitu kilichotulia.

Hata hivyo kazi haikuwa rahisi. Kwanza, ukingo lazima uonekane, kwa hiyo wakati mzuri ni magharibi na alfajiri, au usiku wa mbalamwezi. Pili, mkono ni mkono. Mkono ukikosea robo ya kidole, kosa ni maili 24 hivi za baharini. Anayetaka kujua maana yake na akumbuke kuwa Kilifi iko kusini ya Malindi kwa maili kama 25 ukihesabu kwenda kusini tu. Yaani robo ya kidole ndiyo tofauti ya kuingia bandari ya Malindi kwa salama na kujikuta alfajiri mbele ya mlango wa hori la Kilifi, chini ya jabali la Mnarani, bila kujua uko wapi, na mwamba wa matumbawe ukiwa ubavuni.

Ahmad bin Majid aliipunguza hatari hiyo kwa kutoitegemea nyota moja. Alipanga nyota jozi jozi. Moja ikiwa imefika kimo fulani, ndipo nyingine hupimwa. Au moja ikiwa inapanda mashariki na mwenziwe inashuka magharibi, hungojwa mpaka zilingane. Jozi hizo na vimo vyake kwenye kila bandari ndizo zilizojaza mashairi yake, na ndizo zinazomchosha msomaji wa leo ambaye hana bahari ya kuvuka. Kwake zilikuwa ndizo utajiri wenyewe.

Nyota kuu ya kaskazini waliiita Jah, na wazee wetu wakaiita Jaa. Leo nyota hiyo iko karibu sana na ncha ya mbingu, lakini katika zama zake ilikuwa mbali nayo kwa digrii 3 na nusu hivi, ikiizunguka kila siku. Kwa hiyo kimo chake hakikuwa kimoja usiku kucha. Kilitofautiana kwa zaidi ya vidole vinne baina ya juu kabisa na chini kabisa, na baharia asiyejua kuisahihisha kwa kutazama manazili ya mwezi angepotea mamia ya maili. Sahihisho hilo lilikuwa na jina lake, bashi, na Ahmad bin Majid alilishughulikia sana.

Tena Jaa ina tabia nyingine, ambayo sisi wa Malindi tunaijua zaidi ya watu wa Julfar. Huku kwetu haionekani. Malindi iko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta, na wakati ule hata ilipofika juu kabisa ya mzunguko wake Jaa iligusa ukingo tu, ndani ya ukungu wa bahari. Mabaharia waliokuja kusini walilazimika kushika nyota nyingine: Farqadani zinazoizunguka Jaa, na zile nyota kubwa za Naashi, na kwa upande wa kusini Suheli, nyota mbili za Himarani, na zile nne zinazofanya msalaba. Pwani yetu imebahatika kwa hilo. Katika usiku wa mwezi Aprili mtu akisimama ufukweni Malindi huona Naashi upande mmoja na msalaba wa kusini upande wa pili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu wa Ulaya hajaliona nyumbani kwake.

Vijana wanaopiga picha za nyota siku hizi wanagongana na jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mitambo inayoifuata nyota ina mhimili ambao sharti uelekee ncha ya mbingu. Ulaya mhimili huo huinuka sana, na mtu huulenga kwenye Jaa kwa dakika chache. Malindi ncha ya kaskazini imezama chini ya ukingo, na ile ya kusini imeinuka digrii 3 tu. Mhimili hulala karibu sawa na ardhi, uzito wa darubini ukaelemea upande mmoja wa miguu mitatu, na mtambo uliosimama imara kule ukawa hapa unataka kupinduka. Hauponi kwa kuongezewa chuma tu. Mguu mmoja wapaswa kugeuzwa uelekee upande ule unaoelemewa, na mhimili ulengwe kwa kufuatilia nyota nyingine, si Jaa.

Kuna faraja moja kwa wenyeji. Makka na Malindi ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, hivyo kibla yetu ni kaskazini karibu kabisa, na ndiyo sababu watu wa pwani tangu zamani wameiita kaskazini kibula. Anayeutafuta upande wa Jaa isiyoonekana anaelekea kule kule anakoelekea kwa sala. Ahmad bin Majid naye alitunga shairi la kueleza jinsi ya kuitafuta kibla kutoka pande zote za dunia kwa dira ya mabaharia.

Na dira hiyo, kwa maneno yake, ina alama ya mkono wake. Dira ya mabaharia wa Bahari ya Hindi iligawanywa pande 32, kila upande ukiitwa kwa jina la nyota inapochomoza au inapotua. Sumaku ilijulikana kabla yake. Yeye alijihesabia jambo moja, kuiunganisha sumaku na kisanduku cha dira chenyewe. Kwa macho ya leo laonekana dogo. Lakini ndilo jambo lile lile la mwanzo wa makala haya: chombo kizuri kisichofungwa imara mahali pake hakimfai mwenyewe.

Sasa tuwatazame Wareno.

Mwezi Novemba 1497 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika ghuba waliyoiita St. Helena, katika pwani ya magharibi ya Afrika Kusini. Mwandishi wao wa tarehe, João de Barros, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1552, aeleza kuwa nahodha huyo alishuka pwani ili kupima kimo cha jua, kwa kuwa merikebuni mtikisiko haukumwacha kupata kipimo cha kuaminika. Alikuwa na asturlabi ya mbao, kubwa, ya upana wa shibiri tatu. Waliitundika kwenye magogo matatu yaliyoegemezwa pamoja kwa juu, kama winchi ya kupandishia mizigo, ili isiyumbe. Msomaji atakuwa amekwisha kuitambua: ni miguu mitatu ya mpiga picha wa nyota, juu ya mchanga, miaka zaidi ya 500 kabla ya kamera yake.

Wareno hawakuwa wajinga. Miguu mitatu juu ya nchi kavu hutoa kipimo kizuri. Ila inahitaji nchi kavu. Baina ya Malindi na Kalikuti hakuna nchi kavu ya kushukia.

(Kwa kupita tu, Wataliani walipotaka kurusha roketi kutoka baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, walijenga majukwaa yenye miguu ya chuma iliyosimamishwa kwenye sakafu ya bahari, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza nyota zitoazo eksirei. Ilikuwa siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Hata wao waliona kuwa sharti kwanza wapate pa kusimama.)

Da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akiwa amekwisha kugombana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, ambaye naye hakupatana na Mombasa, alimpokea kwa wema. Lakini mwongozaji aliyeahidiwa alichelewa, na Wareno wakamzuia merikebuni mtu mmoja wa karibu na mfalme mpaka walipoletewa mwongozaji. Jambo hilo limo katika kumbukumbu za mtu aliyekuwa safarini humo. Si uzushi wa maadui zao.

Ni nani huyo aliyeletwa? Hapo ndipo penye kesi.

Mwenye kumbukumbu hizo, aliyemwona kwa macho yake, asema alikuwa Mkristo. Siku zile Wareno waliwadhani Wahindi wa dini ya Kibaniani kuwa ni Wakristo, na yamkini ndivyo ilivyokuwa. Barros asema alikuwa Mwislamu wa Gujarati, na jina alilompa ni Malemo Cana. Mwingine, Castanheda, amemwita Canaqua, naye pia kamfanya wa Gujarati. Watu wa pwani hawahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Malemo ni muallim, mwalimu, jina la cheo cha mwongozaji wa chombo. Kanaka ni neno la Kihindi la mtu anayejua hesabu za nyota. Kwa hiyo hatukupewa jina hata kidogo. Tumepewa vyeo viwili.

Jina la Ahmad bin Majid lilitoka wapi, basi? Lilitoka kwa mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika tarehe ya Waturuki katika Yemen zaidi ya miaka 70 baada ya safari ile. Yeye alidai kuwa Mfaranji alimlevya Ahmad bin Majid, naye katika ulevi wake akamwonyesha njia. Habari hiyo ilikaa humo mpaka mwaka 1912, yalipotambuliwa katika maktaba kuu ya Paris maandishi ya Ahmad bin Majid. Na katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaiunganisha na habari za Wareno. Tangu hapo ikaingia katika vitabu vya shule, na kutoka humo ikaingia katika vinywa vya wanaoongoza watalii.

Mimi siikubali, na sababu zangu ni tatu. Ya kwanza ni huo ulevi. Mtu aliyefundisha kuwa mwalimu wa chombo awe na tohara anapokuwa baharini kwa kuwa humo ni mgeni wa Mwenyezi Mungu, amehukumiwa kwa neno la mtu mmoja ambaye hakuwapo, tena aliyetaka kueleza kwa nini Waislamu walishindwa katika bahari yao wenyewe. Ni rahisi kumpata mlevi wa kubebeshwa lawama kuliko kuzichunguza merikebu na mizinga.

Ya pili ni ile kumbukumbu. Mwarabu wa Julfar aliyepita miaka 60, mwenye vitabu na sifa bahari nzima, hawezi kuandikwa kuwa ni Mkristo na mtu aliyeishi naye merikebuni wiki tatu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa inatokana na vyombo vyenyewe. Barros asimulia kuwa da Gama alimwonyesha mwongozaji ile asturlabi kubwa ya mbao na nyingine za chuma, akitazamia kuwa atastaajabu. Hakustaajabu. Alieleza kuwa waongozaji wa Bahari ya Sham wanavyo vyombo vya shaba vya pembe tatu na vya robo duara vya kupimia jua na nyota, lakini yeye na mabaharia wa Cambay na wa Bara Hindi hutumia chombo kingine, akakitoa akawaonyesha. Kilikuwa cha vibao vitatu. Angalia alivyojipanga. Watu wa Bahari ya Sham aliwataja kama wengine, na watu wa Cambay aliwataja kama wenziwe. Mtoto na mjukuu wa marubani wa Bahari ya Sham asingesema hivyo. Kibao chenyewe hakimtoi Ahmad bin Majid, maana naye alikitumia. Kinachomtoa ni ukoo wa kazi ambao mwongozaji yule alijinasibisha nao.

Si mimi peke yangu. G. R. Tibbetts, Mwingereza aliyefasiri Kitab al-Fawaid na kukitoa mwaka 1971, aliitilia shaka habari hiyo, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, ameandika kitabu kizima cha kumtakasa.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri, awe nani aliyeiongoza. Waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili. Siku tano baadaye waliiona tena Jaa, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu, na mwenye kumbukumbu aliona jambo hilo linastahili kuandikwa. Tarehe 18 Mei waliona nchi, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Kalikuti. Waliporudi bila mwongozaji huyo, wakishindana na pepo zisizo za msimu, walipita baharini karibu miezi mitatu, na watu wao wengi wakafa kwa ugonjwa wa fizi kabla ya kuiona tena pwani yetu.

Ahmad bin Majid aliishi mpaka akazisikia habari za Wafaranji. Mwaka 1957 mtaalamu wa Kirusi, T. A. Shumovsky, alitoa huko Leningrad mashairi yake matatu, na mojawapo ni Sufaliyya, linaloeleza njia za pwani yetu, kutoka nchi za Wasomali, kupita Malindi, Mombasa na Kilwa, hadi Sofala. Wenye kupenda asili ya maneno wakumbuke kuwa kitabu cha namna hii mabaharia walikiita rahmani, nalo ndilo ambalo wajuzi wengi wanalihusisha na neno letu ramani. Ndani ya Sufaliyya zimo beti zinazotaja kuingia kwa Wafaranji, dhuluma zao huko Kalikuti, na majuto ya mtu anayetamani lau angalijua mwisho wao. Waliomtia hatiani wamezishika beti hizo kama ungamo. Mtaalamu mwingine wa maandishi yake, Ibrahim Khoury, amesema kuwa zimepenyezwa na mtu wa baadaye. Hata zikiwa zake, ni nani katika Bahari ya Hindi ya mwaka 1500 ambaye hakuwa na majuto hayo? Kilwa na Mombasa zilitekwa mwaka 1505, na hakuna aliyehitaji kuwa rubani wa da Gama ili alie.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 wa Hijra, yaani 1500. Baada ya hapo elimu yake iliendelea kwa Sulaiman al-Mahri, kisha ikamfikia amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, ambaye mwaka 1554, akiwa amekwama Gujarati baada ya merikebu zake kuvunjwa na dhoruba na Wareno, aliviokota vitabu vya Ahmad bin Majid, akavifasiri na kumsifu kuwa ni mtafiti wa kuaminika kuliko waongozaji wote.

Wanavyuoni waliisahau kazi yake kwa muda mrefu, lakini vyomboni jina halikusahauliwa. Mwaka 1854 Mwingereza Richard Burton aliabiri chombo cha Waarabu kutoka Aden kwenda Zeila. Aliwakuta mabaharia wakimtaja Sheikh Majid kuwa ndiye aliyeitengeneza dira. Kabla ya kuelekea bahari kuu, walimsomea Fatiha.